Jibini limeota ukungu: mama watoto anasema litupwe, mimi nasema likatwe. Amueni wakuu

Gadi Mstaafu (Kikuyu, Dodoma)

Habari za jamvini, wakuu. Mimi ni mzee wa miaka 68. Akaunti hii kanifungulia mjukuu kabla hajarudi chuo, na nikianza kuandika nakuwa mrefu kama treni ya mizigo. Mwenye haraka ashukie kituo cha mwisho, swali liko huko.

Nilikuwa gadi wa treni Reli ya Kati miaka 31. Ndoa yangu ina miaka 43. Pigeni hesabu wenyewe. Sehemu kubwa ya ndoa hiyo mimi nilikuwa Tabora au Kigoma nikila wali wa behewa la bafe, au kuku wa kuchemsha aliyepitishwa dirishani pale Saranda, na mama watoto alikuwa hapa Dodoma akila na wanawe. Nilipostaafu ndipo ikabainika kwamba hakuna anayejua mwenzake anapenda kula nini. Yeye aliamini napenda maini. Mimi maini siyataki tangu utoto, ila nimeyala miaka yote hiyo kwa kuwa ndiyo niliyoyakuta mezani kila niliporudi safari. Na yeye alikuwa akidamka kwenda Majengo kuyawahi buchani, mwenyewe hayapendi, anasema yananuka chuma. Miaka yote hiyo! Watu wawili wanakula maini kwa heshima.

Sasa mwezi wa nne binti yetu wa Dar akaja kututembelea na treni ya SGR. (Safari ambayo sisi tulikuwa tunalala njiani, huyu kapanda asubuhi na chakula cha mchana kala kwangu. Nilikaa kimya tu.) Akatununulia friji, milango miwili, friza juu. Likaletwa na guta, majirani wakasimama. Wiki sita za mwanzo ndani kulikuwa na chupa za maji, nyanya, na dawa za presha za mama watoto, ambazo hata baridi hazihitaji. Binti akapiga simu, mmeweka nini humo? Alipoambiwa akacheka mpaka simu ikakatika. Halafu akatuma 15,000 na ujumbe: nendeni supamaketi, nunueni kitu msichokijua, kutoka kwenye mafriji yao, na mniambie.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunapanda bajaji kwenda mjini. Masharti aliyaweka mama watoto. La kwanza, tunachagua kwa zamu, na mwenzako haruhusiwi kukunja uso pale dukani. La pili, hela isizidi 15,000. La tatu ndilo gumu: hakuna kusema neno mpaka wote wawili tumemeza. Kisha kila mmoja anaandika alama zake kwenye daftari, kumi kwa kumi, bila kuchungulia. Daftari ni lile lile la mistari nililokuwa nalo kazini, kurasa za mbele zina saa za kupita Gulwe na Kilosa, za nyuma zina soseji.

Niwape machache. Yogati ya stroberi: mimi 8, yeye 3. Kasema ni mtindi uliopotoka. Yeye kakulia Mpwapwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, humwambii kitu. Siagi yenyewe, siyo ile ya bati tuliyozoea: tuliipaka kwenye viazi vitamu vya moto, yeye 9, mimi 9, na jioni yake tukala viazi tena. Soseji za ng'ombe: mimi 5, yeye 2, na maelezo yake yameandikwa pembeni, "nyama isiyojua ilikuwa mguu au shingo". Vidole vya samaki vya kugandishwa: alitafuta mwiba kwa dakika kumi, akauliza samaki huyu kafanywa nini. Lakini 7.

Chipsi za kugandishwa zilitushinda. Niliziacha mezani ziyeyuke kwanza kama nyama, nikazitia kwenye mafuta, yakaruka mpaka dari. Zikatoka uji. Alama hazikuandikwa siku hiyo, jiko lilipigwa deki.

Sasa jibini. Zamu yangu. Kipande cha gramu 250, la manjano, gumu, lina gamba jekundu la nta, na bei yake ilimaliza fungu lote. Mama watoto alitafuna, akameza, akaandika 4, kisha akasema lina harufu ya soksi zangu za safari ya Kigoma. Mimi nilitoa 9 na nikawa nalila mwenyewe na mkate, kidogo kidogo ili lisiishe. Ndiyo sababu limefika wiki ya tatu. Jana nafungua karatasi nakuta ukungu wa kijani upande mmoja, doa kama sarafu ya mia.

Yeye anasema litupwe nje hata kuku wasilile. Mimi nasema nakata pale penye doa, naendelea. Tumeshindana tangu jana na chai ya leo imekuwa ya kimya.

Swali ndilo hilo: kukata au kutupa? Na la pili, linalonitia mashaka zaidi: maziwa nayo yanachacha siku ya pili, humo humo ndani ya friji. Mama watoto anasema friji ni bovu, mimi nasema friji ni jipya. Nimeliweka namba 1 ili umeme wa LUKU usikimbie.

---

Kidevu cha Mbuzi

Shikamoo mzee. Nimecheka hapo kwenye soksi hadi bosi kaniangalia. Kwa niaba ya wanaume wote wa jukwaa hili, kata ukungu mzee, usirudi nyuma.

Ila maini miaka 43 bila kusema? Hiyo siyo ndoa, hiyo ni jeshi.

---

Fundi Baridi (Ilazo)

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, na kabla ya hapo nilifanya kazi chumba cha baridi cha duka moja kubwa, kwa hiyo haya mambo nimeyalala nayo. Nianze na la pili maana ndilo linaloumiza hayo mengine.

Namba 1 ndiyo kosa lako mzee. Ile namba kwenye swichi ya kuzungusha siyo nyuzi joto. Watu wengi sana wanadhani 1 ni nyuzi moja, yaani baridi kali. Ni kinyume: 1 ni baridi ndogo kabisa, ukipanda 4 au 5 unaongeza baridi. Sasa kwa joto hili la Dodoma mwezi huu wa kumi na moja, kabla ya mvua, friji likiwa namba 1 ndani kunakuwa kama chumba chenye kivuli tu. Maziwa lazima yachache. Friji linatakiwa liwe nyuzi 4 au chini, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapofanya harusi.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya maji, weka rafu ya katikati, kilale humo usiku mzima. Asubuhi usome kabla watu hawajaanza kufungua fungua mlango. Glasi ya maji ni muhimu kwa sababu hewa inabadilika kila mlango ukifunguliwa, maji hayabadiliki upesi, na chakula chako kinafanana na maji kuliko hewa.

Halafu maziwa umeyaweka wapi? Kama ni mlangoni yaondoe. Mlangoni ndiko kwenye joto kuliko kote, weka huko maji na tomato sosi. Maziwa yarudi ndani, nyuma. Jaribu na raba ya mlango: funga mlango ukiwa umebana karatasi nusu ndani nusu nje, ivute. Ikitoka kirahisi, raba haikamati. Na friji lisibanwe ukutani, mgongo wake unatoa joto, uupe nafasi ya kiganja.

Umeme ukikatika, usifungue kuangalia. Kila mtu anafungua kuangalia! Friji lililofungwa linashika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa inaweza kwenda siku mbili, iliyo nusu siku moja. Ndiyo maana mimi nafasi zilizobaki kwenye friza yangu najaza chupa za maji.

Sasa la dukani, na hili nakupa kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa kile kioo. Mpangaji mzuri anaweka mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele, ili wa zamani utoke kwanza. Kwa hiyo nyoosha mkono nyuma, na usome tarehe. Kwenye friza zile za kulala kuna mstari umechorwa ndani ukutani, kilichopangwa juu ya mstari hakipati baridi ya kutosha, kiache. Pakiti ya njegere itikise: zikicheza moja moja kama karanga ni nzima, zikiwa jiwe moja ujue ziliwahi kuyeyuka zikagandishwa tena. Theluji nyingi ndani ya mfuko ni dalili ile ile. Kuna maduka yanazima friza usiku kuokoa umeme, nimeyaona kwa macho yangu, na asubuhi kila kitu kinaonekana kimeganda vizuri tu.

Chipsi za kugandishwa hazisubiri kuyeyuka. Zinatoka friza zinaingia mafuta ya moto, kidogo kidogo, usimwage pakiti nzima. Ukiziyeyusha zinatoa maji, na maji na mafuta unajua mwenyewe, dari lako ni shahidi.

Vitu vya baridi vichukue mwisho kabisa ukiwa unaelekea kulipa. Kutoka mjini hadi Kikuyu na bajaji siyo mbali, ila kama unapitia sokoni na kusalimia watu, beba deli la kutunzia baridi.

Jibini nawaachia wataalamu.

---

Gadi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako kwa sauti na mama watoto alikuwa anapepeta mchele wa Bahi pale mlangoni. Nilipofika "namba 1 ndiyo kosa lako" ungo ulisimama. Hakusema kitu. Aliendelea kupepeta taratibu, kwa namna ambayo waliooa wataielewa.

Maziwa ndiyo, yalikuwa mlangoni. Pale pana kishimo cha chupa, nikadhani waliotengeneza friji wanajua.

Kipimajoto sina. Natafuta.

---

Nesi wa Makole

Shikamoo babu, na bibi pia mfikishie.

Jibini kwanza. Kwa jibini gumu kama hilo lenye gamba la nta, bibi na babu wote mna nusu ya haki. Linaweza kukatwa, ila siyo kukwangua doa. Mizizi ya ukungu inaingia ndani kuliko unavyoiona. Kata sentimita mbili na nusu kuzunguka doa na kwenda chini yake pia, na kisu kisipite kwenye ukungu wenyewe maana kitausambaza kwenye sehemu nzima. Kinachobaki kifunge kwa karatasi mpya. Kwa kipande kilichoanza gramu 250 na mmeshakila wiki tatu, sijui kitabaki nini, pima kwa rula.

Lakini hii ni kwa jibini gumu tu. Jibini laini, lile la kupaka au la kuporomoka, yogati, mkate, soseji zilizopikwa: ukiona ukungu kitu chote kitoke. Humo unyevu ni mwingi, unachokiona juu ni kidogo kuliko kilichomo.

Sasa naomba nimsemee bibi kuhusu jambo ambalo babu umelipita haraka kama treni isiyosimama Igandu. Umesema dawa za presha. Soseji, poloni (ile soseji nene ya kukata vipande) na jibini ni chumvi tupu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyo kwenye mboga. Geuza pakiti usome. Mara nyingi wataandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha mara mbili na nusu upate chumvi. Soseji mbili tatu na kipande cha jibini, nusu ya kijiko imeshakwenda kabla hujafika kwenye ugali. Hiyo alama 2 aliyotoa bibi kwa soseji naiunga mkono kitaalamu.

La mwisho, soseji na poloni msile za baridi kutoka kwenye pakiti hata kama zimeandikwa zimepikwa. Kuna bakteria anaitwa listeria, tofauti yake na wenzake ni kwamba hata ndani ya friji anaendelea kukua, polepole. Afrika Kusini mwaka 2017 hadi 2018 watu zaidi ya 200 walikufa, na chanzo kikapatikana kwenye poloni. Wanaoumia zaidi ni wajawazito, watoto wachanga na wenye umri kuanzia 65, ndio nyinyi. Pasheni mpaka zitoe moshi, mle. Siwatishi, endeleeni na daftari lenu, tena nimewaonea wivu.

---

Binti Chigogo

Mbukwenyi.

Mzee, mimi nitasema wanachoogopa kusema wengine. Elfu kumi na tano kwa kipande cha jibini ambalo linanuka soksi, wakati hela hiyo ni kilo ya nyama na kiungo chake na chenji inabaki? Jumamosi watu wako mnadani Msalato wanakula nyama choma ya maana, nyinyi mko kwenye kioo mnasoma tarehe.

Na friji la Mgogo linajulikana. Ni jua. Mama yangu mlenda alikuwa anauanika juu ya paa la tembe mvua zikiisha, unakauka, unatwangwa, unawekwa kwenye chungu, na mwezi wa kumi na moja kama huu hakuna jani lolote shambani sisi tunakula ilende, huo mlenda mkavu, na ugali wa uwele. Halina LUKU. Halina namba 1 wala 4.

Nimemaliza kugomba. Sasa nauliza kitu: hilo sharti la tatu, la kutosema neno mpaka wote mmemeza, bibi alilipata wapi? Mume wangu hata kabla sijafunua sufuria ameshasema "mimi hicho sili". Miaka 12 hajaonja kitu kipya. Juzi nimenunua yogati nikaila mwenyewe jikoni nimesimama kama mwizi.

---

Kidevu cha Mbuzi

Dada hapo mwisho umenigusa. Hebu mwambie alama ni siri, mpe kalamu. Mwanaume akipewa kalamu na daftari anajiona mkaguzi.

---

Fundi Baridi (Ilazo)

Binti Chigogo, kwa mlenda uliokauka umesema kweli, ni kanuni ile ile. Vijidudu vinataka maji na joto. Friji linawanyima joto, jua linawanyima maji. Ila jua halikuhifadhii vidole vya samaki.

---

Gadi Mstaafu

Wakuu nimerudi. Leo Jumapili jioni, niwape taarifa kwa utaratibu wa kazini.

Kipimajoto nimekipata kwa jirani anayefuga kuku, kile cha kwenye kibanda cha vifaranga. Akauliza kama nimeanza kutotoa, nikamwambia ndiyo, natotoa maziwa. Nikakiosha, nikakitumbukiza kwenye glasi kama fundi alivyoelekeza, Ijumaa usiku. Jumamosi alfajiri nikasoma na tochi: 13. Kumi na tatu! Juni hapa Dodoma ukilala nje unapata hiyo bila kulipia umeme. Nilisimama pale jikoni na tochi yangu kama niko stesheni nasubiri treni iliyochelewa, nikamsikia mama watoto nyuma yangu anauliza, "Ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Haya," akarudi kulala.

Niliona heri angegomba.

Nikazungusha mpaka 4. Friji nimelivuta kutoka ukutani, kiganja changu kinapita. Karatasi ya mlangoni ilikataa kutoka, kwa hiyo raba ni nzima, bovu alikuwa gadi.

Jibini nililipima kwa rula. Sentimita mbili na nusu kila upande. Nesi, ulijua unachofanya. Kilichobaki kilikuwa kama kidole gumba. Halafu nikafikiri: hata hicho chenyewe kimekaa wiki tatu kwenye nyuzi 13. Nikakitia kwenye karatasi pamoja na doa lake, nikampa mama watoto akatupe mwenyewe, maana alistahili. Alikwenda mpaka kwenye shimo la takataka, akarudi, akaosha mikono, akaniuliza bei yake ilikuwa ngapi vile. Nikasema nimesahau.

Binti Chigogo, nimemuuliza kuhusu sharti la tatu. Jibu lake naliandika kama alivyolisema. Alikuwa na shangazi Mpwapwa aliyekuwa akimpikia mumewe, mume akionja tu kabla hajatafuna anasema "chumvi", na shangazi anaondoka kuleta chumvi, miaka yote hakuwahi kukaa akala chakula kikiwa cha moto. Basi yeye akaona tukianza mchezo huu, mtu ale kwanza, maneno yatafuata. Mimi sikuwa najua habari za shangazi huyo. Na sikumbuki kama nami nilikuwa nasema "chumvi". Nimeogopa kuuliza.

Kuhusu Msalato, mwanangu, tumekusikia. Nyama ya mnadani tutaila Jumamosi moja katika mwezi, nje ya mashindano, bila alama.

Jana ilikuwa zamu yake. Tulikwenda na deli tuliloazima kwa muuza barafu wa mtaa wetu, mlinzi wa duka akatuzuia mlangoni akidhani tunaleta biashara. Ndani mama watoto alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akafungua kioo, akaanza kutikisa pakiti za njegere sikioni kwake, moja baada ya nyingine. Kijana wa duka akaja kuuliza kama kuna shida. Akamwambia, "Hizi zinalia, hizi hazilii. Hizi zisizolia mlizima umeme." Yule kijana akaangalia chini. Alichagua inayolia, kutoka nyuma, chini ya mstari.

Akazipika na nazi, vitunguu na nyanya moja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, wali wa Bahi. Tukakaa. Tukala kimya mpaka tumemeza. Nilitoa 8. Yeye alitoa 6, kasema ni tamu lakini hazina maganda ya kumenya, na kumenya njegere ndiko anakopenda, anapata kukaa kibarazani na watu. Kwa hiyo nimetumwa Majengo kesho kununua mbichi, tulinganishe.

Maini yameondolewa rasmi. Ameandika kwa mkono wake, ukurasa wa siagi, pembeni.

Kipimajoto asubuhi ya leo kimesoma 6. Fundi, nipande 5, au nisubiri lipoe usiku mmoja zaidi? Mwenye vifaranga anakitaka kesho saa moja.